Nadhiri ya Fundi Ekzosi

Jumatatu, 10 Juni

Miaka ishirini na miwili nachomelea ekzosi hapa Rayong, Thailand, na hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa. Hata moja! Leo msimamizi Wichian ametukusanya. Serikali inatoa ruzuku kwa anayenunua gari la umeme, watu wanayakimbilia, na gari la umeme halina ekzosi. Kwa hiyo kitengo chetu kinafungwa. Kitengo kipya cha masanduku ya betri kina nafasi kumi na tano tu. Mtihani ni Ijumaa saa mbili asubuhi, kuchomelea aluminiamu. Atakayeshindwa atapewa kiinua mgongo, kwaheri.

Mtihani! Mimi! Kwa mkono huu!

Na Udom, jirani yangu wa mashine, amekuja na gari la umeme. La ruzuku! Halina sauti hata kidogo. Lilinitokea nyuma ya mgongo nikamwaga supu yangu ya tambi. Watu wakacheka.

Nikaenda kwenye kijumba cha Babu Mwenye Kiwanja, mzimu wetu mlinzi pale getini. Nikampa soda nyekundu, mrija ndani. Nikaweka nadhiri: gari la Udom likizimika mbele za watu, nitamchezea Babu dansi ya jadi, vazi kamili na taji kichwani, mchana kweupe.

Jumatano, 12 Juni

Udom anafanya mazoezi ya aluminiamu kila jioni. Ameniita mara mbili. Eti njoo kaka, hii kitu haina mchezo, ukizubaa inatoboka. Nimemjibu samaki hafundishwi kuogelea. Badala yake nimeifungia pikapu yangu ekzosi kubwa ya ubunifu wangu mwenyewe, nikaipitisha polepole mbele ya gari lake. Ngurumo! Fahari! Bahati mbaya moshi wote ukatua kwenye saladi ya papai ya Shangazi Lamun, anayeuza pale nje. Ameniuliza kama mama yangu alinizaa au alinitapika. Polisi wameichukua pikapu, eti kelele. Wivu tu.

Alhamisi, 13 Juni

Udom atanipitia kesho twende mtihani pamoja. Nimekubali, kwa heshima yake. Mke wangu Samruai ameuliza kama ile nadhiri nimeiondoa kwanza. Nikamwambia nadhiri haifutwi kama chaki. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sikumwelewa. Sisi tuna maji ya bomba.

Ijumaa, 14 Juni

Babu amesikia!

Udom alisema chaji inatosha kufika kiwandani tu, jana foleni ya kuchaji ilimshinda. Nikamwambia tupite sokoni kwanza, siwezi kupita mbele ya Babu mikono mitupu, nataka shada la asumini. Udom hajui kumkatalia mtu aliyemzidi umri. Tukapita. Gari likazimika karibu kabisa na geti, mbele ya mabasi matatu ya wafanyakazi. Wote waliona! Nikapiga makofi. Halafu nikakumbuka kwamba nimo ndani.

Tulilisukuma. Tukafika saa mbili na nusu, kimebaki kipande kimoja cha aluminiamu. Wichian akasema mmoja wenu tu, mwingine basi. Udom akanisogeza mbele. Akasema mpe kaka Banlue, gari langu ndilo lililomchelewesha. Na Udom mwenyewe ana mtoto wa miezi minne. Mimi nikalificha shada nyuma ya mgongo.

Nimefaulu. Wa kumi na nne! Wichian amemwonea huruma Udom, amemweka akiba, ataingia tu kama mmoja wetu hatafika Jumatatu saa moja kamili.

Jumapili, 16 Juni

Jana nilitimiza nadhiri. Vazi, taji, nusu saa juani. Kiwanda kizima kilitoka kuangalia, na nisijisifu, shingo yangu bado laini. Shangazi Lamun alicheka mpaka akakaa chini. Udom alinipigia makofi kuliko wote. Alidhani namshukuru Babu kwa kufaulu. Akanishika bega, akasema unastahili, kaka.

Niliona aibu. Naandika wazi, niliona aibu.

Lakini mwanamume hakai na aibu, huitafutia dawa. Leo nimerudi kwa Babu na soda nyekundu mbili. Suphot, yule wa kumi na tano, amefaulu kwa kubahatisha tu, hana hata mke. Nimeweka nadhiri mpya: gari la Suphot lizimike kesho njiani, asifike kabla ya saa moja, Udom aingie. Nitatoa mayai ya kuchemsha tisini na tisa, na dansi tena. Nani mwingine angemfanyia jirani wema wa namna hii?

Samruai ameuliza kesho nitafikaje kazini, maana pikapu bado iko polisi. Nimemwambia asihofu, nimeshapanga kila kitu. Suphot atanipitia saa kumi na mbili na nusu.