Kuhusu Chuma Kinachofika Chini ya Mfuko

Mtaa wa Annexe, Lubumbashi

Bwana Mkurugenzi wa Labo ya Chakula cha Mifugo,

Kwa heshima zote zinazomfaa mtu wa elimu yako, mimi Godefroid Tshibangu, mtengenezaji wa premiksi, yaani ule unga wa dawa unaochanganywa katika chakula cha kuku wasihare damu, nakuja mbele yako nikiwa nimeumia. Tangu miezi mitatu naomba cheti cha ubora wa unga wangu, na mpimaji wa maabara yako, Mademoiselle Gaëlle, ananinyima. Mke wangu Hortense anafuga kuku mia tatu kwa ajili ya arusi ya binti yetu Christiane. Alisema mbele ya wakwe kwamba bila cheti hafungui mfuko wangu. Mke wangu mwenyewe, Bwana Mkurugenzi.

Malalamiko ni haya:

1. Unga wangu hakuugusa kwanza. Alisema ni lazima athibitishe njia ya kupima, yaani kipimo nacho kipimwe. Nikakaa kwenye benchi wiki tatu. Sasa yeye anayepima kipimo, amepimwa na nani?

2. Alichukua unga usio na dawa, akatia dawa kwa mkono wake, kisha akaiuliza mashine ametia kiasi gani. Mama aliyetia chumvi mchuzini haendi kumuuliza jirani. Mashine ikajibu sawasawa, naye akafurahi kama aliyepewa habari mpya.

3. Kitu kilekile alikipima mara sita. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza mara sita ni kumwita mtu mwongo kwa adabu.

4. Hapa ndipo nilipochoka. Ana chuma kirefu chenye matundu, anakichoma mfukoni mpaka chini. Akaandika kwamba juu dawa imezidi mara nne, na chini hakuna kitu. Ni kweli, na ndiyo heshima yetu. Sokoni, meka, lile kopo la kupimia unga, ikishajaa, muuzaji anaongeza konzi moja juu, mteja akiangalia: hayo ndiyo matabishi. Mimi dawa yangu yote naiweka juu kama matabishi, mteja aione, moyo wake utulie. Mademoiselle ananishauri niichanganye mpaka isionekane tena. Marehemu baba aliuza unga miaka thelathini tangu atoke Kasai, na hakumficha mteja kitu.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu chuma kile kikatwe, kibaki urefu wa kidole. Njia yake ithibitishwe na wateja wangu, ambao hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Kusema kweli, hakuna aliyerudi. Naye Mademoiselle ahamishiwe kupima maji, ambayo juu na chini ni mamoja.

Pokea heshima zangu, zilizo sawa juu na chini. Umsalimie Mama wa nyumbani, na mlinzi Djo aliyeniazima mto wa kukalia, na wapimaji wote isipokuwa mmoja.

Godefroid Tshibangu

Tena: Bwana Mkurugenzi, nilikuwa natafuta bahasha, Hortense akaniita. Mwezi uliopita nilimudanganya kama cheti kilitoka. Aliniamini, akafungua mufuko: nusu ya juu kwa nyumba ya kwanza ya kuku, nusu ya chini kwa nyumba ya pili. Leo kuku ba kwanza banapinda shingo, banaangalia mbingu. Ba pili banahara damu. Arusi iko Jumamosi. Hortense anaangalia tu mikono yangu. Nakuomba umutume Mademoiselle Gaëlle leo hii. Aje na chuma chake, kile kirefu. Na apime mara sita.