Ombi la Kuondolewa Katika Ubeti wa Sita

Skelbeck, Yorkshire
Oktoba, 1874

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kama mimi nilivyo mzima. Uzima wangu ndio malalamiko yangu.

Mimi ni Josiah Threlkeld, niliyekuwa askari wa farasi kule Krimea, katika vita na Warusi. Siku ile amri ilikosewa njiani, tukapelekwa mbio kwenye mizinga ambayo mtu mwenye akili angeizunguka. Wengi hawakurudi. Bi Arabella Cawthorne, dada wa kasisi wetu, alitunga utenzi wa kuwakumbuka, nao husomwa kila mwaka kwenye karamu ya mashujaa. Katika ubeti wa sita nimekufa. Nalalamika hivi:

Kwanza, sikufa. Nilimwendea Bi Arabella, kofia mkononi, nikamweleza hivyo. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Bwana Threlkeld, ukiishi wewe, vina vyote vinaporomoka." Nikaomba radhi, nikaondoka.

Pili, ubeti unasema nilimhimiza farasi wangu kwa sauti kuu. Kila aliyepanda farasi wa jeshi anajua kwamba wale humsikiliza mpiga tarumbeta, si aliyekaa mgongoni. Farasi wangu Dorcas aliposikia tarumbeta alikwenda. Mimi nilivuta hatamu kwa mikono miwili, na neno lililonitoka lilikuwa "Rudi!" Aliyekufa ni yeye, maskini, na hana hata mstari mmoja.

Tatu, kwenye karamu marehemu hukumbukwa kwa kusimama kimya kabla nyama haijakatwa. Nami husimama na kujinyamazia. Mwaka jana nilikohoa, nikaambiwa niwaheshimu wafu.

Nne, na hili ndilo linaloniuma. Jina langu limechongwa kanisani chini ya ubeti huo. Kila Jumapili mke wangu Hannah hulipelekea maua, akazungumza nalo kwa sauti ambayo nyumbani sijaisikia tangu harusi. Nilipomuuliza, alinijibu, "Yule hakoromi, Josiah, wala hakutaka kurudi nyuma." Nina wivu, Ndugu Mhariri, na ninayemwonea wivu ni mimi.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: utenzi urekebishwe, au serikali iwaombe Warusi kwa adabu waipange mizinga yao palepale, tarumbeta lipigwe, nami nikafe ipasavyo. Nina nafasi siku yoyote isipokuwa siku ya soko.

Nisalimie mama watoto, wapiga chapa wako wote, na yule mbwa wako mzee kama bado yupo.

Wako mtiifu, niliye hai,
Josiah Threlkeld

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua, Bi Arabella amepita kunijulisha kwamba amekubali. Katika ubeti wa sita sasa atakufa Obadiah Pickersgill, muuza nyama, ambaye siku ile alikuwa nyuma ya kilima akikoroga uji. Yeye pia yu hai, lakini amesema hana kinyongo. Tayari ameshaanza kutembea kwa kuchechemea.

Hannah amelia jikoni. Nilipomfuata, aliniuliza, "Sasa Jumapili maua nimpelekee nani?" Nikarudi mezani, nikaichukua tena kalamu.

Tafadhali usiichapishe barua hii. Nilikufa mbele ya wote, upanga mkononi, na neno lililonitoka lilikuwa "Mbele!"