Ombi la Kuchelewesha Vita kwa Dakika Kumi na Moja

Uvira, Jumatatu, mwezi wa tano, mwaka wa nne wa vita hivi

Kwa Mheshimiwa Kamanda ………………, atakayekuwa anaushika mji wetu siku barua hii itakapofika

Mheshimiwa,

Uniwie radhi kwa kutokukuita kwa jina. Tangu nianze rasimu ya kwanza, mwenye ofisi yako amebadilika mara mbili, na kila mmoja ametuhakikishia kwa redio kuwa yeye ndiye wa mwisho. Nimeacha nafasi hapo juu. Tafadhali ijaze mwenyewe, ikiwezekana kwa penseli.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nyumbani kwangu kuna kompyuta ya mkono wa pili ambayo, tangu kubonyezwa kitufe hadi kukubali kuandika, hutumia dakika kumi na moja. Vita vyenu, tangu risasi ya kwanza hadi kuenea mtaa mzima, hutumia nusu dakika. Nimevipima vyote viwili kwa saa ileile ya ukutani. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Ndani ya kompyuta hiyo zimo dosie, yaani faili, za wanafunzi wetu thelathini na mmoja wa mwaka wa sita, pamoja na alama zao zote. Nakala za karatasi zilikuwa shuleni, mpaka wanajeshi walipolala huko majuma matatu na kuzipikia maharage. Bila dosie iliyochapwa, hakuna mwanafunzi atakayepokelewa kwenye mtihani wa Taifa. Kamioni ya kuzipeleka Bukavu inaondoka Jumamosi. Nimejaribu kuzichapa mara nne, na mara nne vita vimenitangulia. Naomba kueleza kwa utaratibu.

1. Kuhusu mwendo. Kompyuta huanza na kioo cheusi. Kisha huja maandishi meupe yasiyosomeka, mengi kama mpunga. Kisha picha ya mawingu. Kisha kisaa kidogo cha mchanga, ambacho hugeuka na kugeuka bila mchanga kupungua. Katika jaribio la tatu tulikuwa tumefika kwenye kisaa, dakika ya tisa, mzinga wenu uliposema neno lake kutoka milimani. Jirani yetu Papa Eugène, mwenye jenereta tunayotumia, ana desturi: kwa mlio wa kwanza huizima, isije ikawaita wanajeshi kama kengele inavyoita waumini. Simlaumu. Kompyuta ikafa macho wazi.

2. Kuhusu adabu. Mashine hii, pamoja na uzembe wake, haifuti hata barua ya mistari miwili bila kuniuliza kama nina hakika. Ninyi mmefuta maghala ya mpunga ya Luberizi na hatukusikia swali. Sidai kwamba chuma kina dhamiri. Nasema tu kuwa aliyekitengeneza alidhani binadamu anaweza kukosea, na mawazo ya namna hiyo bado hayajafika kwenye makao yenu makuu. Labda yapo njiani. Barabara ni mbaya.

3. Kuhusu heshima yangu nyumbani. Mama mkwe wangu, Mama Generose, mzaliwa wa Runingu, hunitazama nikiketi mbele ya kioo cheusi, na hasemi kwa sauti ya chini: «Weye mwalimu, risasi iko mu lango, na weye unangojea kisanduku kiamuke! Ata ng'ombe muzee ya Rurambo inasimama mbiyo kupita hii kitu yako.»

Délice, mwanafunzi wangu wa mwaka wa sita ambaye huja kunisomea alama ninapozihakiki, humtetea mtuhumiwa: «Tuiache, Mama. Iko inasali rozari. Bado iko ku Salamu Maria ya makumi mbili.»

«Basi isali mbiyo, mutoto wangu, juu bombe haingojeaka Amina.»

Wakicheka hivyo nami hucheka, Mheshimiwa, lakini mwalimu anayechekwa na mama mkwe pamoja na mwanafunzi wake kwa wakati mmoja amebakiwa na mamlaka kidogo sana.

4. Kuhusu Alhamisi iliyopita. Mlio ulikuja dakika ya sita. Jenereta ikazimwa, kioo kikazimika, nami nikabaki nimekaa, nikikitumainia. Nakiri kosa hilo. Délice alinivuta mkono: «Madame, twende, imekwisha kufa.» Nje, watu walikuwa wakielekea mpakani. Yeye akasema anakwenda Luberizi kwa mama yake. Nikamkataza, nadhani nilimkataza kwa sauti ya kutosha. Akajibu akiwa ameshageuka: «Nitarudia Siku ya kwanza, Madame. Uchape yangu ya mbele!»

Siku ya kwanza, yaani Jumatatu, ni leo; sisi tumesharudi Uvira. Nani aliyekuwa kwenye barabara ya Luberizi Alhamisi ile, wewe unajua kuliko mimi.

Sisi wengine tulifika mpakani, na hapo Mama Generose akasimama katikati ya njia ili kutuhesabu. Ndiyo desturi yake: huanza na mkubwa wa ukoo, kwa majina, marehemu wakiwamo, na mtu akimkatiza hurudia mwanzo. Askari mmoja alimkatiza mara tatu. Nyuma yetu umati ulikuwa ukisukuma na kututukana. Niliona haya. Nikawaza kwamba mama mkwe wangu na kompyuta yangu walitoka kiwanda kimoja.

Kwa sababu hizo zote, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu kwamba kuanzia sasa vita vifuate hatua za kompyuta yangu. Vianze na kioo cheusi, watu wote wakae kimya. Kisha yaje maandishi meupe ya kueleza nani anapigana na nani, maana sisi tulio ndani yake mara nyingi hatujui. Kisha mawingu. Kisha kisaa cha mchanga, mpaka zitimie dakika kumi na moja. Mwishoni kila kamanda aulizwe kama ana hakika, na kitufe cha «hapana» kiwe kikubwa, kwa faida ya wasioona vizuri.

Nimefundisha historia miaka kumi na miwili. Sijakutana na vita hata kimoja ambacho kingeharibika kwa kungojea dakika kumi na moja. Huenda nakosea: vitabu vyangu navyo viliishia chini ya sufuria.

Wasalimie maofisa wako, mpishi wa maharage, na hata wapinzani wako wanaojiandaa kukalia kiti chako; barua hii ni yao pia.

Katika kungojea, kazi ambayo nimeizoea,

Nkeshimana Félicité
Mwalimu

N.B. Ijumaa. Sikupata wa kukuletea barua hii, na sasa naona haya kuituma ilivyo. Jana alikuja Octave, fundi wa kompyuta. Aliniuliza swali moja tu: «Madame, hii mashine munaifungaka namna gani?» Nikamjibu kwamba hatuifungi, Papa Eugène huzima jenereta. Akatikisa kichwa. «Njo maana. Inajua ilikatwa. Ikiamuka, inahesabu kwanza vitu vyake vyote, kimoja kimoja, ione nini ilipotea.» Akaiacha imalize kuhesabu, akaifunga kwa utaratibu, akaiwasha upya. Dakika mbili.

Nilipomweleza Mama Generose, alisema: «Kumbe weye ulizani kuhesabu ni kuchelewa?»

Basi nafuta ombi langu. Nilikuomba uchelewe kuanza, na kumbe hamjawahi kufunga vita vya kwanza. Na kama vita vyenu huwaka kwa nusu dakika, nadhani ni kwa sababu haviangalii nyuma kuona nani amekosekana. Pengine hapa pia nimekosea, ningefurahi kukosolewa.

Jioni hii nimechapa dosie thelathini. Moja niliiacha, kwa kuwa hakuna aliyeniletea habari. Mama Generose, ambaye hajui kusoma, alizipitisha zote kidoleni, akarudia mwanzo, kisha akasema: «Iko moja inakosa.»

Nimeichapa. Nimeiweka ya kwanza, kama Délice alivyoomba.