Ombi la Vipimo vya Mabega ya Daktari wa Chumba Namba Nne

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Kuhusu: Malalamiko juu ya daktari wa chumba namba nne, pamoja na ombi la vipimo vyake vya mabega, kifua na urefu wa mikono

Ndugu Mganga Mkuu,

Pokea salamu za bibi arusi wa siku sabini na tatu. Mwandiko ukiyumba unisamehe. Naandikia juu ya meza ya cherehani, na furaha nayo haijauacha mkono wangu utulie tangu siku ya harusi.

Kwanza nikueleze nimeolewa na nani, maana hospitalini kwako anajulikana kwa namba ya kadi tu. Mume wangu ni fundi saa. Wateja wanamwita Bwana Dakika, kwa sababu ukimpelekea saa iliyokufa hukwambia "dakika moja tu," kisha huinama juu yake saa nne nzima bila kuinua kichwa. Duka lake liko chini ya jengo tunaloishi. Mimi nashonea nguo nyumbani, ghorofa ya tatu. Tulijuana kwa ajili ya saa yangu ya ukutani, ambayo niliipeleka kutengenezwa mara tatu ingawa iliharibika mara moja. Vidole vyake ni vinene, lakini vinashika skurubu ndogo kuliko punje ya ufuta na haidondoki. Bega lake ni mto ambao haujapata kuuzwa dukani. Ana kilo mia moja sitini na nne, Ndugu Mganga Mkuu, nami nampenda kila kilo. Nimekwisha mwambia hivyo mara nyingi, hata mbele za watu.

Ila magoti yake hayampendi kama ninavyompenda mimi. Kutoka dukani hadi mlangoni petu kuna ngazi arobaini na nane, naye hupumzika mara mbili, akijifanya anaangalia rangi ya ukuta. Kupanda mara mbili kwa siku hawezi. Kwa hiyo adhuhuri namteremshia chakula dirishani ndani ya kikapu chenye kamba, na chini ya sahani natia kijikaratasi cha mapenzi. Majirani wote wanakisubiri kikapu kile. Mimi naona hakuna jambo tamu kama hilo duniani.

Mwaka jana alisikia kwamba hospitalini kwako kuna upasuaji wa kupunguza uzito. Akapiga moyo konde, akaja kuuliza. Kanuni yenu ni kwamba mgonjwa ahudhurie kliniki miezi sita na apungue kilo tano kwa juhudi zake mwenyewe, ndipo daktari wa chumba namba nne amwandikie barua ya kumwona mpasuaji. Mume wangu alihudhuria miezi yote sita. Barua hakupewa. Alichopewa nakiandika hapa chini kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa sekondari.

1. Mwezi wa pili alikwenda akiwa anaumwa sikio. Daktari, bila hata kuinua uso, alimwambia sikio linauma kwa sababu ya uzito, apungue kwanza. Akarudi dukani ameshika shavu. Muuza dawa wa mtaani kwetu alimmulika kwa tochi, akatoa kipande cha pamba. Nilikipima mwenyewe kwa macho. Hakikufika hata nusu gramu, na hiyo ndiyo gramu pekee iliyokuwa inamsumbua sikioni.

2. Mwezi wa sita nilifuatana naye. Kiti cha mgonjwa katika chumba namba nne ni chembamba, kina mikono ya chuma. Mume wangu akasimama. Mimi nikakaa. Basi daktari akanigeukia mimi. "Huyu anakula nini?" "Huyu analala saa ngapi?" "Huyu umemwona akifanya mazoezi?" Huyu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye meza, amevaa suti ya harusi niliyoishona kwa mikono yangu! Kwa kuwa mume wangu ni mpole na hakusema neno, ilibidi nijibu mimi. Nilijibu yote. Nilimweleza daktari kwamba mwili huu una mwenyewe, na mwenyewe ni mimi, na kwamba sina malalamiko nao hata kidogo.

3. Mizani. Mizani ya kliniki yenu inaishia kilo mia na hamsini. Mume wangu akipanda, mshale unagonga ukingoni na kukaa palepale. Muuguzi, ambaye simlaumu, anaandika "150 na zaidi." Mwezi wa kwanza, 150 na zaidi. Mwezi wa tatu, 150 na zaidi. Mwezi wa sita vilevile. Daktari alipitisha kalamu juu ya safu hiyo kuanzia juu hadi chini, akasema, "Miezi sita, hujapungua hata kidogo."

Fundi saa hawezi kuvumilia kifaa kinachodanganya. Tangu mwezi wa kwanza, kila akitoka kliniki alikuwa anapitia kwa mzee anayenunua vyuma chakavu, mwenye mizani ya kupimia injini. Mzee yule humwambia, "Karibu, mkuu, panda taratibu, hapa umepanda chombo kinachojua kazi." Huutoa uzito wa viatu, kisha huandika kwa chaki ukutani. Mwezi wa kwanza, mia na sabini na nane. Mwezi wa sita, mia na sitini na nne. Kilo kumi na nne! Mimi mwenyewe ile suti nimeibana kiunoni mara mbili. Nilimwonyesha daktari mishono. Akasema hospitali haitibu kwa mishono. Nilipomwuliza, basi mpasuaji naye hufungaje tumbo kama si kwa mishono, daktari alisema muda wetu umekwisha.

4. La nne lilikuwa zito kuliko yote, ila hasira zimelifukuza kichwani. Nimeacha nafasi. Likirudi nitaliandika.

5. Mwishowe daktari alitamka kwamba upasuaji ni njia ya mkato ya watu wavivu, na kwamba dawa ya unene ni nia. Alisema "nia" mara tano, huku lifti ikimsubiri mlangoni impeleke ghorofa ya kwanza. Ndugu Mganga Mkuu, nimemwona mume wangu akiitafuta springi ya saa ya kike chini ya meza, amepiga magoti, magoti yaleyale, tangu mteja alipotoka hadi aliporudi. Kama nia ingekuwa inapunguza kilo, leo ningemfunga kwenye leso nitembee naye.

6. Hata hivyo mimi ni mtu wa kusikiliza wataalamu. Kama nia ni dawa, ni haki daktari naye aionje. Naomba kumshonea koti. Litakuwa la turubai, lenye mifuko arobaini iliyojaa mchanga, uzito wake kilo sitini. Nimempunguzia kwa adabu. Atalivaa miezi sita, kazini, mezani, kitandani. Kila mwezi apimwe kwa mizani inayoishia kilo hamsini, na kadi yake iandikwe kwamba hajabadilika. Akichoka, akae kwenye kile kiti chenye mikono ya chuma. Akiulizwa hali, aulizwe mke wake. Akiumwa sikio, aambiwe avue koti kwanza. Na akitaka kulivua, akumbushwe kwamba vifungo ni njia ya mkato ya wavivu. Mwenye nia ya kweli, koti humtoka lenyewe.

Likimtoka, nitakuwa wa kwanza kumpigia vigelegele. Hapo hospitali ifunge chumba cha upasuaji moja kwa moja. Aliyevunjika mguu anuie. Mwenye mtoto aliyekaa vibaya tumboni anuie. Daktari wa meno abakiziwe kibao chenye neno NIA, mgonjwa alitazame mpaka jino lichoke. Mtaokoa nafasi kubwa sana, na mimi niko tayari kuwashonea mapazia ya ukumbi utakaopatikana.

Turubai nimekwisha kata. Kilichobaki ni vipimo vyake. Tafadhali mwagize muuguzi ampime mabega akiwa amesimama wima, asipumue kwa nguvu.

7. Mpaka siku daktari atakapovaa koti na kuomba radhi, mume wangu hatakanyaga hospitalini kwenu. Kadi yake nimeichukua, nimeifungia ndani ya droo ya cherehani, na ufunguo unakaa kifuani pangu. Nimemwambia asipungue hata gramu moja kwa ajili ya mtu mwenye kiburi. Alinitazama, akaenda kuangalia rangi ya ukuta. Hakukataa. Sisi wapenzi wapya tunaelewana bila maneno.

Nisalimie wauguzi wote wa kliniki, na yule mama anayepiga deki, aliyemwinulia mume wangu benchi lililolegea akalikaza kwa jiwe. Msalimie bawabu wa getini. Mama mkwe na wifi yangu nao wanakusalimu, ingawa hawajui kwamba nakuandikia. Daktari wa chumba namba nne mpe salamu pia, kwa uzito unaomfaa.

Ni mimi, mwenye uchungu na mwenye furaha kwa pamoja,
Mke wa fundi saa, ghorofa ya tatu

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Vipimo vya daktari usivitume.

Jana, bila kungoja vipimo, nilikuwa nimeliunga koti kwa kukadiria na kulitia vifungo, mchanga ukiwa bado kilo ishirini na mbili tu. Nikalivaa nione kama mishono itashika, nikashuka nalo kununua uzi. Kushuka kulikuwa kwema. Wakati wa kurudi, niliketi kwenye ngazi ya kumi na tisa, na kuinuka sikuweza. Mume wangu alipofunga duka alinikuta pale. Akaketi ngazi ya chini yangu, maana moja haitutoshi, akanifungua vifungo kimoja kimoja kwa vidole vyake vya skurubu. Nikamwambia, "Ahsante, mpenzi, sasa nimekuwa mwepesi." Akalikunja koti vizuri, akaliweka magotini. Akasema, "Langu halina vifungo, mke wangu."

Ndipo la nne likanirudia. La nne ni hili: hakuna aliyemwuliza mume wangu anataka nini. Daktari hakumwuliza. Mimi nami nilikuwa namjibia.

Nilimwuliza palepale kwenye ngazi. Alisema anataka upasuaji, na ameutaka tangu mwaka jana, ila kila akifungua kinywa namwambia nampenda kila kilo, akaona atanivunja moyo. Alisema vijikaratasi vyangu anavihifadhi vyote kwenye kopo la skurubu, lakini kikapu amekichoka. Anataka kula chakula cha mchana mezani kwetu, akiwa amekaa mbele yangu.

Kwa hiyo naomba ufute la kwanza hadi la saba, ubakize mizani. Ikikushinda, mzee wa vyuma chakavu amekubali kuja na ukuta wake. Kadi nimeitoa kwenye droo. Mume wangu atakuja kliniki Jumanne, radhi iombwe isiombwe, ataingia chumbani peke yake na kusema mwenyewe. Mimi nitakaa nje kwenye lile benchi lenye jiwe, na nimeahidi kunyamaza.

Muuguzi akiuacha mlango wazi kidogo, nitashukuru sana.