Magadi kwenye Glasi ya Mwalimu Enos

Jumatatu, 4 Machi 1991

Sina wivu. Naandika hilo kwanza ili lijulikane. Mwalimu Enos, anayefundisha sayansi kule Obunga, amekuja tena sokoni Kibuye kwenye meza ya mboga ya Amolo. Wanafunzi wake wanafundishwa na nani? Alikuwa anamweleza Amolo kwamba tumboni mwa mtu mna asidi, ndiyo husaidia kusaga dagaa wa omena na ugali. Asidi! Na Amolo akacheka mpaka gego la mwisho likaonekana. Mimi nauza mashati ya mitumba kando yake tangu mvua za mwaka jana. Gego hilo sijawahi kuonyeshwa.

Nimerudi nyumbani kifua kinawaka. Kiungulia tu.

Jumatano, 6 Machi

Mambo yameharibika. Mama yake Amolo anakuja Jumapili kutoka Asembo Bay. Tumealikwa chakula cha mchana kwa Amolo, mimi na Enos. Mama atatutazama, kisha atasema nani apeleke wazee wake nyumbani kwao kumposa Amolo. Amolo anasema neno la mama ndilo la mwisho. Kwa hiyo ni Jumapili au basi.

Kifua kikazidi. Ikabidi nimwulize Enos dawa. (Mimi! Kumwuliza yeye!) Akasema nitie magadi kidogo kwenye maji, yale yale tunayopikia mboga. Yakikutana na asidi ya tumbo, asidi inapungua nguvu na hewa inatokea. Nikauliza hiyo hewa inapitia wapi. Mdomoni, akasema, kwa mbweu. Akanionya: Bwana Joram, usizidishe.

Nimejaribu. Mbweu moja, mbuzi wa jirani akageuka kunitazama. Kifua kikapoa, na hapo hapo akili ikafunguka!

Ijumaa, 8 Machi

Mpango uko hivi. Mwanamume anayetaka kuoa hatoi mbweu mbele ya mama mkwe. Hata kumkazia macho hamkazii. Basi nitatia magadi kwenye glasi ya Enos ya maji ya ndimu. Kijiko kizima. Atanguruma mbele ya yule mama, kisha arudi kwa chaki zake. Mimi nitacheka kidogo tu, kwa upole, kama mtu aliyelelewa vizuri. Nimefanya mazoezi ya kicheko hicho mbele ya kioo. Kinanipendeza.

Jumapili, 10 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama akaombea chakula. Sala ndefu, macho yote yamefumbwa isipokuwa yangu. Nikamwaga magadi kwenye glasi ya Enos. Kabla ya Amina, glasi ikaanza kuchemka bila moto! Povu likapanda, likamwagika kwenye kitambaa cha meza. Kumbe ndimu nayo ni asidi! Enos hakuniambia. Mwalimu gani huyo?

Yeye akafurahi kama mtoto. Akadhani Amolo ndiye aliyemtilia magadi ili apate kufundisha, akamshukuru. Amolo hakukana! Enos akamwambia mama kuwa tumboni mambo huenda hivyo hivyo, na kwamba wenye kiungulia hupata nafuu. Mama akasema kifua kinamchoma tangu Asembo. Akaivuta glasi. Akanywa.

Kisha ikaja mbweu. Ndefu, ya mama mzima. Kuku waliokuwa chini ya meza wakakimbilia nje.

Enos akageuza uso ukutani upesi, kama mkwe anavyotakiwa, akauliza kama Asembo mvua imenyesha. Lakini kicheko changu kilikuwa tayari tangu Ijumaa. Kikatoka chenyewe. Na hakikuwa kile cha upole. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Mama akasema kifua kimepoa kabisa, asante Mwalimu. Kisha akamwomba Amolo anifungulie mlango. Samaki sikuonja.

Jumamosi, 16 Machi

Wazee wa Enos wamekwenda Asembo. Amolo ameniambia mwenyewe, na gego nimeliona. Imeniuma sana. Nimejificha nyuma ya mashati nikalia, nikamwambia mteja ni vumbi la mitumba.

Halafu Enos akaja kununua shati la harusi. Kwangu! Nikampa lililochanika kwapani likashonwa. Akashukuru, akaanza kunifundisha bila kuulizwa: asidi ya ndimu ikiingia kwenye maziwa, maziwa hukatika yakawa mabonge. Ameniambia kwa hiari yake. Mjinga!

Harusini kutakuwa na sufuria kubwa za chai ya maziwa. Ndimu nimeshanunua, gunia zima.

Sina wivu.