Uzinduzi wa Barabara ya Baiskeli ya Kupandia Zahanati

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mkurugenzi wenu. Mheshimiwa naibu wangu, unayenishikia mwavuli. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, na makaimu wa wale walioshindwa kufika. Mama mkunga wa zahanati, ninayekuona hapo mbele na baiskeli yako. Nanyi wananchi mliosimama juani kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Mtu anauliza kama viti vitaletwa.)

Ndugu zangu, ninasimama chini ya kilima hiki, mbele ya utepe huu mwekundu uliofungwa kutoka nguzo hadi nguzo, kuzindua Barabara ya Kisasa ya Baiskeli inayopanda hadi zahanati kule juu, mradi ambao, kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika na kuipitisha mwenyewe, umefikia asilimia mia moja na nne ya utekelezaji. (Miguno.) Msigune. Hizo nne ni bidii yangu.

(Mkunga: "Samahani mheshimiwa, naomba nipite. Kuna mama huko juu ana uchungu tangu alfajiri.")

Vuta subira, mama, umo ukurasa wa tatu wa hotuba yangu. Wapo wenye maneno maneno wanaodai mkurugenzi hajawahi kukipanda kilima hiki. Nawajibu kwa takwimu: nimekipanda mara kumi na nne, ofisini kwangu, kwenye baiskeli ya mazoezi isiyo na magurudumu, iliyoinuliwa mbele kwa mafaili mawili ili kupata mwinuko halisi, karani akinipepea. Siku ya tatu tuliongeza faili la tatu, kijasho chembamba kikanitoka, na hapo ndipo nilipoyaelewa mateso ya mama huyu, anayesukuma baiskeli kila siku huku mawe yakimteleza miguuni. Nikasikitika hadi nikaomba chai. (Kicheko. Sauti: "Leo basi panda kilima chenyewe!") Hiyo ni awamu ya pili.

(Mkunga anainama na kupita chini ya utepe na baiskeli yake. Watu wanamkimbilia kumsaidia kusukuma.)

Tazameni! Karani, andika: watumiaji wote waliotarajiwa wamepatikana! Lakini ndugu zangu, rudini, sijafika kwenye ahadi! (Wamebaki naibu na karani.) Haya, tumalizie. Baiskeli! (Naibu: "Juu!") Mkunga! ("Juu!") Barabara! (Naibu anakitazama kilima.)

Kwa hayo machache, nawashukuru wachoraji wetu, walioichora barabara hii kwa rangi nzuri kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kuijenga, nikiwemo mimi, na... hili sanduku ni la nani?

(Karani: "La mkunga, mkuu. Limedondoka alipoinama. Ndimo zilimo dawa na vifaa vya kuzalishia.")

Mungu wangu. Sasa anakwenda kumzalisha yule mama kwa mikono mitupu? Naibu, funga mwavuli. Kata huo utepe, unifungie sanduku mgongoni. Kaza! (Anaanza kupanda, kipaza sauti kikiwa bado mkononi. Mawe yanaporomoka.) Mama mkunga! Nisubiri... nakuja! Asanteni... kwa... kunisikiliza. Karani... andika: mafaili matatu... hayakutosha.