Kibwana bin Mshamu na Vita vya Tangi la Msikiti

Enyi wana wa mikoko na mpunga, wekeni chini nyavu na miundu, mpate kusikia habari za Kibwana bin Mshamu wa Salale, simba wa madumu, mlinzi wa maji ya udhu, aliyepigana na adui asiye na mfupa wala damu, na jua likawa upande wa adui.

Adui huyo alikuwa ukoga. Alizuka katika tangi jeupe la plastiki, ambalo Kibwana mwenyewe alilichagua akaliweka juani kwa makusudi, ili waumini waone kwa nje maji yamefika wapi, na wakati wa magharibi watawadhe kwa uvuguvugu. Humo zikaota nyuzi za kijani, laini kama nywele za mtoto mchanga, zikitambaa ukutani polepole kuufuata mwanga. Siku moja mwenyekiti wa msikiti, Mzee Sufiani, alisukutua akainuka na uzi wa kijani ndevuni. Akatoa hukumu kwamba maji yasipotakata kabla ya Maulidi, kazi ya kutunza tangi atapewa jirani yake Abdulrazaq, aliyeitamani siku nyingi. Kazi ile ilitoka kwa babu yake Kibwana ikapita kwa baba yake, naye aliona uchungu kwamba ingefia mikononi mwake.

Basi akashambulia kwa brashi ya makumbi. Mara tatu alimwaga maji yaliyoletwa kwa mtumbwi kutoka juu ya mto, mara tatu akasugua hadi vidole vikachubuka, na mara tatu adui alirudi na jeshi kubwa zaidi. Ndipo shujaa aliposalimu amri, akampigia simu binti yake Yasmini, mwalimu wa bayolojia huko Kibiti.

“Baba,” alinena Yasmini, “huyo hana mbegu wala mizizi. Kila uzi ni vijichembe hai vilivyojipanga msururu, na vyote vinajipikia chakula kwa mwanga. Ukisugua unaukata, na kila kipande kinachobaki kinarefuka kuwa uzi mpya. Humuui, unamzalisha. Mnyime jua.”

Kibwana akalitazama tangi lake pale juani. Kumbe siku zote alikuwa akimlisha adui kwa mkono wake mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma kuliko vidole.

Akaosha tangi mara ya nne, kisha akamwendea mkewe Johari kuomba mikeka ya ukindu iliyosukwa kwa shughuli ya Maulidi. Johari aliitazama mikeka, akamtazama mumewe.

“Ichukue, bin Mshamu. Ila ukoga ukirudi, atakayelala nao ni wewe.”

Tangi likavikwa juu hadi chini. Siku ya Maulidi Mzee Sufiani alichota kopo, akaliinua, na maji yalikuwa meupe. Lakini alipozunguka nyuma aliona tundu la panya kwenye mkeka, na ndani yake, ukutani mwa tangi, kiduara cha kijani sawasawa na lile tundu. Abdulrazaq alikohoa kidogo.

Kibwana akavua kofia yake ya viua, akaikunja, akaliziba tundu.

“Huko ndani sasa ni usiku, mzee,” alisema.

Mzee Sufiani akatafakari, akanywa kopo lote. Kazi ikabaki pale ilipokuwa.

Na wenye kalamu waandike kwamba mwaka ule Maulidi yalisomwa Salale, na Kibwana bin Mshamu, peke yake kichwa wazi, alikaribishwa mstari wa mbele kwa heshima zote, akaketi na wenzake juu ya saruji tupu, kwa kuwa mikeka ilikuwa bado vitani.